Moto, mawe na mjomba wangu wa Bukura

Najua niliahidi sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata, lakini Disemba nilikuwa Bukura kwa kina mama, na yaliyonipata huko yameisukuma mbele. Leo tuongee teknolojia ya zamani kidogo, kama miaka elfu sabini hivi.

Nilikuwa nimesoma kwamba jiwe likipashwa moto vizuri huchongeka kwa urahisi. Nikaokota mawe meupe ya kwatsi (Kakamega hayakosekani, dhahabu iliyowaleta Wazungu mbio mwaka 1931 ilikuwa ndani ya mishipa ya mawe hayo hayo), nikayapanga katikati ya mafiga ya kukhu na kuongeza kuni. Haikupita muda, paa! Kipande kikaruka kando ya sufuria ya maharagwe. Kukhu alinifukuza jikoni na mawe yangu. Mjomba alicheka mpaka akakaa chini.

"Mpwa," akasema, "umesoma hadi chuo kikuu, lakini moto hukuusoma."

Yeye ameusoma. Kazi yake ni kokoto. Anawasha moto juu ya mwamba, anauacha uwake kwa saa nyingi, mwamba unapasuka, kisha anaingia na nyundo. Jicho lake la kushoto halioni tangu 2004, liliingiwa na kibanzi cha jiwe. Kwa hiyo akicheka kuhusu mawe yanayoruka, anajua anachocheka.

Niliporudi kwenye kompyuta nilielewa kosa langu. Kwatsi ikifika nyuzi 573 za Selsiasi, fuwele zake hubadilika umbo na kutanuka ghafla. Mjomba anayavunja mawe kwa moto, na kutanuka huko kunamsaidia. Mimi nilitaka kinyume chake: jiwe lisipasuke, ila liwe laini kwa mchongaji. Moto ni ule ule, matokeo mawili tofauti kabisa. Waandishi wa programu mnanielewa.

Sasa historia. Kwa miaka mingi vitabu vilisema ufundi huu ulianzia Ulaya, miaka kama 25,000 iliyopita. Mwaka 2009 Kyle Brown na wenzake, Curtis Marean akiwemo, wakachapisha habari za mapango ya Pinnacle Point, karibu na Mossel Bay, Afrika Kusini. Walikuwa wakijaribu kuchonga jiwe liitwalo silkriti ili litoke kama zana za kale walizochimbua. Halikukubali. Lile la shimoni lilikuwa linang'aa na rangi yake tofauti. Wakalifukia lao kwenye mchanga, wakakoka moto juu, likapanda polepole hadi nyuzi kama 350, likapoa polepole. Baada ya hapo likachongeka. Vipimo vya usumaku na vya mng'ao vikaonyesha kwamba zana za kale nazo zilikuwa zimepita motoni: ilikuwa kawaida miaka 72,000 iliyopita, na huenda ilianza miaka 164,000 iliyopita.

Nakiri nilifurahi kupita kiasi niliposoma hayo. Tumezoea kuambiwa teknolojia inatujia kwa meli.

Lakini ubishi haujaisha. Patrick Schmidt, aliyechunguza zana za Diepkloof, pia Afrika Kusini, anasema mchanga haukuhitajika: mawe yaliwekwa kwenye makaa ya moto wa kawaida. Silkriti ina maji kidogo ndani yake. Yakitoka, chembe zinashikana upya na jiwe linapasuka kwa mkondo ulionyooka. Ukiharakisha, mvuke unakosa njia na jiwe linalipuka. Tofauti hii si ndogo. Kama ni mchanga na saa nyingi za kungoja, basi watu hao walipanga kazi kwa hatua na kufundishana. Kama ni makaa ya moto wa chakula, ilikuwa sehemu ya mapishi ya jioni.

Na huku kwetu? Olorgesailie, zaidi ya miaka 295,000 iliyopita, watu walikuwa na obsidiani iliyotoka umbali wa kilomita 25 hadi 50, na mara nyingine zaidi. Obsidiani ni kioo cha volkano, tayari kimepikwa na ardhi yenyewe. Hakihitaji jiko la mtu. Muguruk karibu na Kisumu, ambako Sally McBrearty alichimba, walichonga lava ya hapo hapo. Kila mtu na jiwe lake.

Ukitaka kujaribu, anza na kitako cha chupa nene, usianze na moto. Vaa miwani na glavu, kaa nje penye upepo. Vumbi la mawe haya huharibu mapafu.

Mjomba nilimtumia miwani ya karakana kwa matatu. Amenipigia simu kusema inaingia ukungu akitoa jasho, na kama zipo zenye matundu pembeni.