Makaa na Injini katika Milima ya Appalachia

Katika mwaka 1960 reli ya Norfolk and Western, huko Marekani, ilizima moto katika injini zake za mwisho za mvuke. Karibu reli zote kubwa za nchi ile zilikuwa zimekwisha kuhamia kwenye dizeli. Wapo wanaosema kwamba wakubwa wa reli hii walikuwa watu wa kupenda ya kale tu. Mimi sikubali. Mtu akiitazama nchi iliyopitiwa na reli hiyo, na biashara iliyoilisha, ataona kuwa ukaidi ule ulikuwa na hesabu ndani yake.

Nchi yenyewe ni milima iliyo mpakani mwa Virginia na West Virginia. Mgodi wa Pocahontas ulifunguliwa mwaka 1882, na mwaka uliofuata makaa yake yakaanza kusafirishwa kwenda pwani, Norfolk. Machi 1884 mlipuko uliwaua watu wasiopungua 114 mgodini humo. Hata hivyo uliendelea kuchimbwa hadi 1955. Makaa hayo yalikuwa na joto kali na moshi haba. Basi reli ilichukua mzigo ambao ndio uliokuwa chakula cha injini zake, na wenye migodi ndio waliokuwa wateja wake wakubwa. Kununua dizeli kulikuwa sawa na kumwambia mteja, machoni pake, kwamba bidhaa yake haina faida tena.

Tena reli hii ilijiundia injini katika karakana zake za mji wa Roanoke. Mashuhuri kwa kuvuta makaa ni zile zilizoitwa Y6, ambazo ziliundwa 81 kati ya 1936 na 1952, kwa kufuata njia iliyobuniwa na Mswisi Anatole Mallet. Kila moja ilikuwa na magurudumu 16 ya kuendeshea, katika makundi mawili. Kundi la mbele liliweza kugeuka huku na huku, na kwa hivyo jitu lile lilipita katika kona za milimani bila ya kutoka relini. Mvuke uliingia kwanza katika silinda za nyuma, zenye kipenyo cha inchi 25. Ulipokwisha kusukuma huko haukutupwa hewani, bali ulipelekwa mbele katika silinda za inchi 39. Sababu ni kwamba mvuke uliokwisha kufanya kazi hutanuka na kupungukiwa nguvu, nao wahitaji nafasi kubwa zaidi ili usukume sawasawa na ule wa kwanza. Magurudumu yalikuwa na kipenyo cha inchi 58 tu: si ya mbio, ni ya kuvuta. Katika mpando wa Blue Ridge, mashariki ya Roanoke, injini moja ilivuta mbele na nyingine ikasukuma nyuma.

Mwaka 1952 reli ilizishindanisha injini zake na dizeli katika njia zile zile, na tofauti ikawa ndogo. Lakini hesabu haikukaa pale. Reli nyingine zilipoacha mvuke, viwanda vilivyotengeneza vipuri vilikosa wanunuzi vikafunga kazi hiyo, na kila kifaa kikawa ghali. Reli ikaanza kununua dizeli mwaka 1955. Na Stuart Saunders alipokuwa rais wake mwaka 1958, aliyaharakisha mabadiliko. Nguvu za injini yenyewe, naona, hazikuwa na neno. Iliyoshindwa ni karakana moja iliyobaki peke yake.

Mpiga picha O. Winston Link alizipiga picha injini hizo za mwisho, usiku, tangu 1955 hadi 1960. Picha zake ni nzuri mno, pengine nzuri kupita kiasi, kwa kuwa mtazamaji huutazama moshi akawasahau watu: mafundi wa Roanoke ambao ujuzi wao haukuhitajiwa tena, na wachimbaji, weusi na weupe, waliokuwa wakiondolewa na mashine chini ya ardhi katika miaka ile ile. Wilaya ya McDowell, katikati ya migodi hiyo, ilikuwa na watu karibu 99,000 mwaka 1950. Katika hesabu ya mwaka 2020 walizidi 19,000 kidogo tu. Makaa bado yateremka kwenda Norfolk, nyuma ya injini za dizeli.