Chungu kilichozaliwa na Sabato, kikaishia kupika nguruwe

Usiku wa Januari 23, 2018, mamilioni ya Wamarekani waliokuwa mbele ya runinga waliona chungu cha umeme kikiunguza nyumba. Ilikuwa tamthilia ya This Is Us. Baba wa familia anazima chungu chakavu alichopewa zamani na majirani, anapanda kulala, swichi mbovu inajiwasha yenyewe, moto unadaka kitambaa cha jikoni. Watazamaji walishajua kwamba baba huyo atakufa, walichokuwa hawajui ni nini kitakachomuua. Asubuhi yake mitandao ilijaa watu wanaoapa kuwa vyungu vyao wamevitupa jalalani.

Kampuni ya Crock-Pot ililazimika kujitetea kana kwamba imeshitakiwa kwa mauaji ya kweli. Ilieleza kuwa katika karibu miaka 50 imeuza vyungu zaidi ya milioni 100 na haijapata kusikia lalamiko la namna hiyo. Mtunzi wa tamthilia, Dan Fogelman, naye akawaomba watu wakumbuke kwamba chungu kile kilikuwa cha kubuni, kikuukuu, chenye swichi iliyokwishaharibika, na kwamba si haki kuvihukumu vyungu vyote kwa kosa la kimoja.

Katika kelele zote hizo sikuona aliyegusia tarehe. Siku ileile, Januari 23, mwaka 1940, ofisi ya hataza ya Marekani ilimpa mhandisi mmoja wa Chicago hataza namba 2,187,888 kwa kifaa alichokiita kwa unyenyekevu mkubwa "kifaa cha kupikia". Chungu kilisimamishwa kizimbani kikitimiza miaka 78 kamili, na mwenyewe aliyekibuni hakutajwa.

Mtu huyo aliitwa Irving Nachumsohn, na tangu 1945 Irving Naxon. Vita ilikuwa imelifanya jina lenye sauti ya Kijerumani kuwa mzigo, akalikata. Mengi tunayoyajua juu yake yametoka kwa binti yake, ambaye baada ya mzee kufariki mwaka 1989 amewasimulia waandishi wa Marekani mara kadhaa. Naifuata simulizi yake, pamoja na upendeleo wa mtoto kwa baba uliomo ndani yake.

Naxon alizaliwa mwaka 1902 Jersey City, akakulia katika miji ya baridi kali, Fargo na kisha Winnipeg huko Kanada, na uhandisi wa umeme akausoma kwa njia ya posta. Alipofika Chicago aliajiriwa na Western Electric, na familia inajivunia kwamba alikuwa mhandisi wa kwanza Myahudi katika kampuni hiyo. Hakuridhika na mshahara. Alijisomea sheria za hataza ili asiwalipe mawakili, akaanza kubuni: kikaango cha umeme, bango la taa linalotembeza maneno ya habari barabarani, na vingine vingi hadi hataza zake zikapita 200.

Chungu kilitokana na hadithi ya nyumbani. Mzee wa familia hiyo, Tamara, alizaliwa Vilna, mji ambao leo ni Vilnius, makao makuu ya Lithuania. Sheria ya Wayahudi inakataza kuwasha moto na kupika siku ya Sabato, kuanzia jua linapozama Ijumaa hadi usiku wa Jumamosi. Lakini haikatazi kula cha moto. Kwa hiyo kila Ijumaa mchana Tamara, akiwa binti mdogo, alitumwa na mama yake kwa mwokaji mikate wa mtaani akiwa amebeba chungu cha cholent mbichi: maharage, viazi, shayiri na kipande cha nyama kama kipo. Mwokaji alikuwa amemaliza kazi ya wiki na anazima moto, ila tanuri lilikuwa bado na joto la kutosha. Vyungu vya mtaa mzima viliingizwa humo, mlango ukafungwa. Kesho yake kila nyumba ilichukua chungu chake, maharage yamelainika, nyama haihitaji kisu.

Naxon aliisikia hadithi hiyo na kujiuliza swali la kihandisi: nani atamwekea mama wa Chicago tanuri la mwokaji juu ya meza? Binti yake anaongeza sababu nyingine, na mimi naiamini zaidi kuliko ile ya kwanza: joto la kiangazi cha Chicago. Kuwasha oveni mwezi Julai katika nyumba isiyo na kiyoyozi ni kujitesa. Jibu la hataza lilikuwa jepesi. Badala ya kuwasha moto chini ya chungu, waya wa joto unazungushwa ubavuni mwake, ili joto liingie taratibu kutoka pande zote na chakula kisishike chini. Maombi aliyapeleka Mei 1936, hataza ikaja karibu miaka minne baadaye.

Kifaa hicho kilipoingia sokoni kiliitwa Naxon Beanery, na kiliuzwa zaidi kwenye migahawa midogo kwa kuchemshia maharage. Mwaka 1970 Naxon, akitaka kustaafu, aliiuza kampuni yake kwa Rival Manufacturing ya Kansas City. Rival ilinunua bidhaa nyingi kwa mkupuo mmoja, na chungu cha maharage kilikuwa kama nyongeza tu mle. Wapishi wa majaribio wa kampuni ndio waliogundua kwamba kinaweza zaidi ya maharage. Kikapakwa rangi za wakati ule, kikapewa jina la Crock-Pot, kikaonyeshwa Chicago mwaka 1971. Mwaka huo mauzo yalikuwa dola milioni 2. Kufikia 1975 yalikuwa dola milioni 93. Wanawake wa Marekani walikuwa wakimiminika maofisini, bei ya umeme ilikuwa ikipanda, na hapa palikuwa na chombo unachokipakia asubuhi, unaenda kazini, unarudi jioni chakula kiko tayari. Mwaka 1974 sufuria yake ya udongo ikaanza kutoka ili ioshwe. Mwaka 1975 Mabel Hoffman akatoa kitabu cha mapishi cha Crockery Cookery, kikauzwa kwa mamilioni.

Hapo ndipo nguruwe alipoingia, maana vitabu vya mapishi havikuuliza chungu kimetokea kwa nani. Chombo kilichobuniwa kwa ajili ya chakula cha watu wasiogusa nguruwe kikawa, ndani ya miaka michache, mahali pa kupikia bega la nguruwe. Msomaji wa Pwani ameshatabasamu.

Bega ni nyama ya bei ya chini, na bei hiyo ina sababu. Mnyama hulitumia kutembea siku nzima, kwa hiyo limejaa mishipa na utando mweupe unaoitwa kolajeni. Ukilipika haraka unatafuna raba. Ukiliacha taratibu, kolajeni inaanza kuyeyuka nyama ikivuka nyuzijoto 70 hivi na kugeuka ute unaolainisha kila kitu. Ikifika 90 hadi 95 mfupa unachomoka wenyewe na nyama inanyambuliwa kwa uma mbili. Bega la kilo 2 huchukua saa 8 hadi 10 kwenye moto mdogo wa chungu cha umeme. Maji si lazima uongeze, kwani mfuniko unarudisha mvuke wote ndani. Kosa la wengi ni kufunua kila saa kuchungulia: kila unapofunua, joto linatoroka na unajiongezea nusu saa ya kusubiri. Lingine ni kutumbukiza nyama iliyoganda kutoka kwenye friza, jambo ambalo Wizara ya Kilimo ya Marekani inalionya, kwani nyama hukaa muda mrefu mno katika joto linalopendwa na vijidudu.

Kinachokosekana ni moshi. Na kwa wenyeji wa North Carolina, nyama ya nguruwe isiyopita kwenye moshi haina haki ya kuitwa barbeque.

Jimbo hilo halina mzaha na jambo hili. Limegawanyika mara mbili. Mashariki wanachoma nguruwe mzima juu ya makaa ya mti wa mwaloni au hikori, wanamkatakata pamoja na ngozi yake kavu, wanamwagia siki na pilipili tu. Magharibi, mji wa Lexington ukiwa ndio makka yao, wanachoma bega peke yake na kwenye siki wanatia nyanya kidogo. Lexington wanahesabu historia yao kuanzia 1919, wakati Sid Weaver alipopiga hema mbele ya mahakama kuwauzia watu waliokuja kusikiliza kesi, na Jess Swicegood akafuata na hema lake. Mashariki wanaonyesha Skylight Inn ya Ayden, aliyoifungua Pete Jones mwaka 1947 akiwa kijana wa miaka 17. Ukiwasikiliza wakibishana kuhusu nyanya utadhani ni watu wa dini mbili.

Ugomvi huo uliwahi kumgusa hata mgombea ugavana. Rufus Edmisten hakuwa mtu mdogo. Mwaka 1973, akiwa wakili kijana katika kamati ya Seneti iliyochunguza kashfa ya Watergate chini ya Sam Ervin, ndiye aliyepeleka Ikulu hati ya kumtaka Rais Nixon atoe kanda zake. Mwaka 1984 alikuwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo na mgombea ugavana wa chama cha Democratic. Kampeni za huko zinaendeshwa kwa nguruwe. Kila mkutano, kila kanisa, kila zimamoto wa kijiji ana sahani yake, na mgombea hana ruhusa ya kukataa. Edmisten alisimulia baadaye kwamba alikuwa akila barbeque mara tatu kwa siku kwa muda mrefu. Usiku mmoja, amechoka, akateleza ulimi: akasema yeye na barbeque basi tena.

Balaa. Alisema mwenyewe kwamba ungedhani amemtukana mama yake mzazi. Wafugaji wa nguruwe wakakasirika, magazeti yakashangilia, na mgombea aliyeweza kumkabili Nixon akawa hana la kujibu mbele ya sahani ya nyama. Mwaka uleule, kama vile jimbo lilitaka kumkomesha, Lexington iliandaa tamasha lake la kwanza la barbeque mwezi Oktoba, na kule Ayden Pete Jones akajenga juu ya paa la mgahawa wake kuba linaloiga lile la Bunge la Marekani. Novemba, Edmisten akashindwa na Jim Martin wa Republican. Ni kweli kwamba mwaka huo Reagan aliwabeba Warepublican wengi kwa ushindi wake mkubwa, na wachambuzi wataeleza hivyo. Wapishi wa Carolina wana maelezo yao.

Katika mazingira kama hayo chungu cha umeme kilitarajia nini? Kilidharauliwa, na bado kinadharauliwa. Mwaka 2013 msomi wa sosholojia John Shelton Reed na mwenzake Dan Levine walianzisha kampeni ya kuwatambua wachomaji wanaotumia kuni na makaa pekee. Wanaopika kwa gesi na umeme hawahesabiwi. Mpishi wa nyumbani asiye na shimo wala kuni hujinusuru kwa matone ya moshi wa chupa, bidhaa iliyoanza kuuzwa mwaka 1895 na mwenye duka la dawa aitwaye Wright, wa Kansas City, mji uleule ambao baadaye ulitupatia Crock-Pot.

Naheshimu kuni zao, lakini nina neno. Wanaotetea asili ya barbeque wanapenda kuanza hadithi na wenye mahema na migahawa. Mashimo ya kuchomea ya Kusini mwa Marekani, kwa vizazi, yalisimamiwa usiku kucha na watumwa wenye asili ya Afrika, na majina yao hayakuandikwa popote. Ni miaka ya karibuni tu wapishi weusi kama Ed Mitchell wa Wilson, North Carolina, wameanza kutajwa kwa heshima inayostahili.

Kwetu, nguruwe wa kunyambua hajaingia. Kitimoto cha Dar es Salaam ni rosti au kavu, na ndizi, kachumbari na pilipili, na mteja anataka sahani yake kabla bia haijaisha. Lakini chungu chenyewe kingestahili kuangaliwa. Mei 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034, na jiko la umeme la presha ndilo linalopigiwa debe. Chungu cha Naxon hutumia wati kati ya 70 na 250, cha chini kabisa hakizidi balbu ya zamani ya sebuleni. Makande na maharage, ambayo ndiyo yanayomaliza mkaa wetu, ni kazi ambayo Naxon aliikusudia tangu mwanzo. Sijasikia mtu wa nishati akikitaja.

Miongo ya mwisho ya Crock-Pot haina mengi. Rival iliuzwa, ikauzwa tena, na leo jina la Crock-Pot liko mikononi mwa Newell Brands. Jina la Naxon haliko kwenye boksi.

Wayahudi nao walikichukua chungu chao. Nyumba nyingi hupakia cholent Ijumaa mchana na kukiacha hadi Jumamosi, bila kumsumbua mwokaji yeyote. Ila marabi wakaanza kubishana. Sheria ya Sabato inakataza pia kukifunika chakula pande zote kwa kitu kinachoongeza joto, na waya wa Naxon unazunguka ubavu mzima wa chungu. Wapo wanaoruhusu. Wapo wanaotaka vipande vya karatasi ya alumini viwekwe chini ili sufuria ya udongo ichomoze kidogo, isifunikwe yote. Kwa hiyo kile alichokiombea hataza mwaka 1936 kama ubora wa kifaa chake ndicho marabi wanachokitilia shaka.