Utafiti wa maradhi ya ubongo wahitaji fedha za pamoja

KIFAFA ni miongoni mwa maradhi ya ubongo yaliyoenea zaidi duniani. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wanaugua maradhi hayo, na karibu asilimia 80 kati yao wanaishi katika mataifa ya kipato cha chini na cha wastani.

Kwa mujibu wa shirika hilo, hadi asilimia 70 ya wagonjwa wangeweza kuishi bila kuanguka iwapo wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Fenobabitali, dawa ya bei nafuu, imetumika kutibu kifafa tangu 1912. Hata hivyo, wagonjwa wengi katika mataifa maskini hawapati tiba.

Ujuzi uliopatikana katika nchi tajiri hautoshi kuziba pengo hilo, kwa kuwa baadhi ya visababishi vya kifafa barani Afrika ni nadra huko. Mwaka wa 2004, watafiti waliofanya kazi Kilifi walionyesha kuwa watoto waliowahi kuugua malaria kali walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifafa baadaye.

Utafiti mkubwa zaidi ulifuata, ukichapishwa mwaka wa 2013 na kufadhiliwa na wakfu wa Wellcome Trust wa Uingereza. Ulifanywa katika vituo vitano: Kilifi nchini Kenya, Ifakara nchini Tanzania, Iganga nchini Uganda, Kintampo nchini Ghana na Agincourt nchini Afrika Kusini. Wakazi zaidi ya 580,000 walihusishwa. Wahojaji walianza kwa kuuliza maswali nyumba kwa nyumba, kisha walioshukiwa kuugua wakachujwa hadi kufikishwa mbele ya daktari.

Ilibainika kuwa kifafa cha kutetemeka kiliwapata karibu watu 8 kwa kila 1,000 Kilifi, 7 Agincourt na karibu 15 Ifakara. Matatizo wakati wa kujifungua, majeraha ya kichwa na vimelea, wakiwemo wale wa usubi na wa tegu wa nguruwe, vilihusishwa na maradhi hayo. Mengi ya hayo yanaweza kuzuiwa kupitia huduma bora za uzazi, usafi na udhibiti wa vimelea.

Kituo kimoja pekee kisingeweza kutoa ulinganisho huo. Ndiyo maana ufadhili wa ushirikiano una umuhimu.

Nchini Marekani, Kituo cha Kimataifa cha Fogarty, kilicho chini ya Taasisi za Kitaifa za Afya (NIH), kilianzisha mwaka wa 2003 mpango wa kufadhili utafiti wa maradhi ya ubongo katika nchi zinazostawi. Masharti yake yaliwataka wanasayansi wa Marekani kushirikiana na wenzao wa nchi hizo, na kuimarisha uwezo wa taasisi za huko. Ruzuku ndogo zilikusudiwa kugharimia matayarisho kwa miaka miwili, nazo kubwa ziligharimia utafiti kamili kwa muda wa hadi miaka mitano.

Lakini mkono wa mfadhili unaweza kurudishwa wakati wowote. Mnamo Mei 2025, NIH ilitangaza kuwa haingetoa ruzuku mpya ambazo sehemu ya fedha hupitia taasisi ya Marekani hadi kwa mshirika wa kigeni, hadi utaratibu mpya uwekwe. Mwaka huo huo, serikali ya Marekani ilipendekeza Kituo cha Fogarty kifungwe katika bajeti ya 2026.

Kenya ina sheria yake kuhusu suala hili. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti na kulenga asilimia 2 ya pato la taifa. Kiwango hicho hakijawahi kufikiwa.

Utafiti wa maradhi ya ubongo huchukua miaka mingi, kwani mtoto anayeugua malaria leo huenda akaanza kuanguka miaka kadhaa baadaye. Ruzuku ikikatizwa katikati, wagonjwa hupotea katika kumbukumbu, na wataalamu waliofunzwa hutafuta kazi kwingine. Mgeni hujenga pamoja na mwenyeji, lakini anayebaki kuitunza nyumba ni mwenyeji.