Plagi Kati ya Mafuta na Moto

Mafundi wa mashine za boti pale Wesha, Pemba, wanaijua adha ya plagi iliyolowa: oili iliyochanganywa na petroli haikuungua ikaisha, ncha imeganda masizi, cheche haitoki. Katika Vita Kuu ya Kwanza, adha hiyohiyo iliwaandama marubani kwenye mwambao huu wetu.

Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja, kisha ikajificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji. Kuitafuta kulitaka ndege. Februari 1915 zikaletwa Nyororo, karibu na Mafia, ndege za majini aina ya Sopwith, zenye injini ya Gnome Monosoupape ya nguvu-farasi 100. Joto likazishinda, kunyanyuka na mzigo hazikuweza. Zilizofuata, za Short, zilikuwa na Gnome ya 160. Nazo zilipanda kwa shida, lakini Aprili ziliipiga picha Königsberg.

Gnome ilikuwa mtambo wa ajabu. Kranki ilitulia, silinda zikazunguka pamoja na rafadha na kupozwa na upepo. Ilitumia mafuta ya mbarika, kwa kuwa hayayeyuki upesi ndani ya petroli. Mzunguko uliyasukuma hadi vichwani mwa silinda, jirani na plagi. Hapo ndipo penye kazi. Plagi ikiwa chini ya nyuzi 500 hivi haiunguzi masizi yake. Ikipita sana 800, ncha huwa kaa linalowasha petroli kabla ya wakati, na pistoni huweza kutoboka. Joto hilo hutegemea urefu wa kihami, yaani kizuia-umeme cha plagi: kirefu hulishika, kifupi hulipitisha haraka kwenye chuma. Plagi nyingi za ndege za enzi hizo zilikuwa na kihami cha ulanga, madini ambayo Wajerumani waliyachimba hapa hapa kwetu, Uluguru.

Rubani naye aliongeza tabu. Ili kupunguza nguvu ya Monosoupape alikata cheche kwa kitufe, huku petroli na mbarika vikiendelea kuingia. Akichelewa kukiachia, plagi zilipoa zikalowa, na injini ikagoma angani. Kwangu mimi, mafundi waliozifungua na kuzisugua plagi hizo wanastahili sifa sawa na marubani.

Julai 11, 1915, rubani Cull na mwenzake Arnold, wakiwa angani, waliielekeza mizinga ya manowari Severn ya Waingereza, na siku hiyo Königsberg ikaangamia. Ndege yao ilidunguliwa, wenyewe wakaokoka. Lakini ndege hiyo haikuwa na Gnome: ilikuwa Farman, yenye injini ya silinda zisizozunguka, zilizopozwa kwa maji.