Mwaka 1890: Berlin, Usumbura na Kiswahili Chetu

Katika soko la Kamenge, kaskazini mwa Bujumbura, Kirundi na Kiswahili husikika bega kwa bega. Hata hivyo, baadhi ya wanafunzi wetu bado huamini kwamba Kiswahili ni lugha iliyoletwa na Wajerumani. Makala hii inauangalia mwaka mmoja wa Ujerumani, yaani 1890, ili kuipima imani hiyo.

Mwaka huo ulikuwa wa misukosuko huko Ujerumani. Katika uchaguzi wa Februari, wasoshalisti walipata kura nyingi kuliko chama kingine chochote, ingawa sheria iliyowabana ilikuwa haijaondolewa. Mwezi wa Machi, Bismarck, aliyeiunganisha Ujerumani mwaka 1871, alilazimika kujiuzulu baada ya kutofautiana na Kaisari Wilhelm wa Pili, kijana wa miaka 31. Nafasi yake ilichukuliwa na Jenerali Caprivi, ambaye hakuwa na hamu kubwa ya makoloni.

Tarehe 1 Julai 1890, serikali ya Caprivi ilitia saini mkataba na Uingereza. Ujerumani ilipata kisiwa kidogo cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Nayo ilikubali Unguja na Pemba ziwe chini ya ulinzi wa Waingereza, ikaiacha Witu na kuacha madai yake Uganda. Mpaka wa kaskazini ukavutwa hadi Kongo, na kwa hiyo Burundi ikabaki upande wa Wajerumani. Mwami Mwezi Gisabo hakuulizwa neno. Wakati huo Wajerumani hawakuwa na boma hata moja katika nchi yake. Boma la Usumbura lilijengwa mwaka 1897, na mwami alilazimishwa kukubali mamlaka yao kwa mkataba wa Kiganda mwaka 1903.

Je, Kiswahili kilikuwa wapi mwaka 1890? Kwanza, kilikuwa Berlin kwenyewe. Tangu mwaka 1887 mji huo ulikuwa na Seminari ya Lugha za Mashariki, ambamo maofisa na wafanyabiashara waliotarajia kuja Afrika Mashariki walifundishwa Kiswahili. Büttner, aliyekuwa mmisionari, ndiye aliyesimamia masomo hayo, akisaidiwa na Sleman bin Said kutoka Unguja. Mwaka 1891 alifuatiwa na Mzanzibari mwingine, Amur bin Nasur.

Pili, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kufika ziwani Tanganyika. Misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilikuwa imeweka makao Ujiji kabla ya katikati ya karne ya 19, na kutoka huko mitumbwi ilikwenda kaskazini hadi pwani za ziwa upande wa Burundi. Wajerumani walipofika Usumbura, walikuja na askari wa makabila mbalimbali walioelewana kwa Kiswahili. Utawala wao uliiongezea lugha nguvu ya ofisi na ya bunduki, jambo ambalo hatuna budi kulikubali. Lakini aliyeleta lugha haketi darasani kujifunza lugha hiyohiyo kwa mwenyeji wa Unguja.

Suala hili si la historia peke yake. Kwa muda mrefu nchini Burundi, kumwita mtu "Mswahili" kulimaanisha kumwita mjanja asiyeaminika, na dharau hiyo imewafanya wanafunzi wengi waone haya kuisema lugha wanayoijua tangu utotoni. Mwalimu anayeeleza kwamba Kiswahili kilipita ziwani kwa biashara na ujirani kabla ya bendera yoyote ya Ulaya kupandishwa, humwondolea mwanafunzi mzigo huo.

Ikumbukwe pia kwamba Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, na ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007. Tarehe ni ileile ya mkataba wa 1890. Tofauti ni kwamba mara hizi mbili Warundi wenyewe walikuwapo mezani.