Tafsiri ya Unabii wa Siku za Mwisho katika Historia ya Makanisa ya Simiyu

Makala hii inajadili namna historia ya misheni katika eneo ambalo tangu mwaka 2012 ni Mkoa wa Simiyu ilivyowarithisha waumini njia mbili za kufasiri vitabu vya Danieli na Ufunuo.

Njia ya kwanza ililetwa na Waadventista Wasabato. Wamisionari wao Wajerumani walifungua vituo vya Ntuzu na Kanadi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Kwa mafundisho yao, unabii hutimia hatua kwa hatua katika historia: siku moja ya unabii ni mwaka mmoja, hivyo siku 2300 za Danieli 8:14 zilianza mwaka 457 K.K. na kukoma mwaka 1844. Njia ya pili inahusishwa na Africa Inland Mission, iliyopokea kituo cha Nassa, sasa wilayani Busega, kutoka kwa misheni ya Kianglikana mwaka 1909. Mapokeo yake ya kiinjili yaliweka sehemu kubwa ya Ufunuo katika wakati ujao.

Tofauti hiyo inagusa maisha. Mkulima wa pamba wa Bariadi hupanda mvua za Novemba zinapotulia, akavuna miezi mingi baadaye. Akiaminishwa kwamba dunia inakwisha msimu huu, ana sababu gani ya kushika jembe? Jambo hili limewahi kutokea. Wafuasi wa William Miller nchini Marekani walimngoja Kristo tarehe 22 Oktoba 1844, na baadhi ya wakulima miongoni mwao waliacha mazao shambani. Siku ikapita, na baridi ikawakuta na njaa ya kufikiria.

Kundi dogo lililosalia, ambalo ndilo asili ya Waadventista, lilihifadhi hesabu likabadili maana yake: Kristo alianza huduma mpya katika patakatifu pa mbinguni. Hatimaye liliacha kupanga tarehe, likajenga shule na hospitali.

Yumkini mtu atadai kuwa pasipo tarehe imani hupoa. Historia hiyo inaonyesha kinyume chake. Mathayo 24:36 inakana ujuzi wa siku ile, na 2 Wathesalonike 3 inawakemea walioacha kazi. Kwa hiyo muumini wa Simiyu, afuate njia yoyote kati ya hizo mbili, ana kipimo kimoja cha mhubiri wa unabii: je, baada ya mahubiri yake watu hurudi shambani?