Kompyuta ya Mfukoni: Walikuja Nayo Kutuhesabu, Sisi Tukaanza Kucheza

Juzi nikiwa steji ya Lodwar nangoja gari la Kakuma, mzee mmoja aliniangalia weee, kisha akasema, "Kijana, weka huo mchezo chini utafute kazi." Nikamjibu, "Mzee wangu, hii ndiyo kazi." Nilikuwa nakata video ya mteja. Lakini tuambiane ukweli: dakika tano kabla ya hapo nilikuwa kwa gemu. Simu ni ileile. Kwa hivyo mzee alikuwa sahihi nusu, na hiyo nusu imenisumbua mpaka nikaandika hii.

Turudi nyuma. Mwaka 1984 kampuni ya Psion ya Uingereza ilitoa Organiser, kompyuta ya kushika mkononi. (Mwaka huohuo, hapa kwetu Nariokotome, Kamoya Kimeu aliokota kipande cha mfupa kilichotupa Turkana Boy. Kila mtu na ugunduzi wake.) Mwaka 1996 ikaja Pilot ya Palm, ile ya kuandika kwa kijiti juu ya kioo. Hizo zilikuwa za watu wa ofisi: kalenda, anwani, mahesabu.

Sisi hatukununua. Mimi kompyuta ya mkononi niliiona kwanza kwa mkono wa mtu mwingine. Mwaka 2009 mradi wa Hunger Safety Net ulianza kulipa familia za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, na mwenye duka alikuwa na kimashine: unaingiza kadi, unaweka kidole, unapewa pesa. Mwanzoni ilikuwa shilingi 2,150 kila miezi miwili. Nyanya yangu alikuwa anafuta kidole kwa shuka kwanza, kama mtu anayeenda kusalimia mgeni.

Mwaka huohuo kulikuwa na sensa, ya makaratasi. Agosti 2010 Waziri wa Mipango Wycliffe Oparanya akatangaza matokeo na kufuta ya wilaya 8, ati watu wameongezeka kupita kiasi. Tatu zilikuwa zetu: Turkana Central, Turkana North na Turkana South. Hebu fikiria. Umekaa nyumbani usiku, umehesabiwa wewe na watoto wako, halafu unasikia kwa redio kwamba hesabu yako haitambuliki. Sensa ya 2019 ikaja na tableti, zilizounganishwa na Chuo Kikuu cha Moi na JKUAT. Safari hii Turkana tukatoka 926,976. Ubishi wa hesabu za kaskazini haukuishia hapo, lakini kitu ninachokumbuka ni kidogo tu: karani aliuliza, akabonyeza, na kioo kilikuwa kinaangalia upande wake muda wote.

Sasa raha ilipitia mlango mwingine kabisa. Nokia 1100 ilitoka 2003, tukaiita mulika mwizi kwa sababu ya tochi. Mahali hakuna stima, tochi peke yake ilitosha kununua simu. Lakini ndani mlikuwa na gemu ya nyoka, na hapo ndipo vidole vyetu vilisoma kubonyeza. Machi 2007 M-Pesa ikaingia kwa simu hizohizo. Mtoto aliyekuwa anaombwa arudishe simu ya watu akawa ndiye anaitwa asome meseji ya pesa.

Kakuma ni hivyo hivyo. Kambi ilianza 1992, na mwaka 2015 WFP wakaleta Bamba Chakula, pesa ya chakula inayoingia kwa laini ya simu. Hata jina ni la Sheng, bamba, yaani pata. Wakati inaanza, pesa yenyewe hukuweza kuitoa taslimu, ulikuwa unanunua chakula kwa wenye maduka waliosajiliwa. Ila ukipita Hong Kong pale Kakuma 1 jioni, simu iliyonunua unga asubuhi ndiyo inapiga muziki. Rafiki yangu wa huko alianza kwa kuwekea klipu za vichekesho maandishi ya chini, bure, acheke na wenzake. Leo anakata video za harusi. Hakusomea popote, alicheza tu sana.

Ndiyo maana huu wimbo wa "vijana wa simu ni wavivu" mimi siukubali. Walioleta kompyuta ya mkono huku kwa kazi peke yake walituandika majina, wakaenda. Waliotufundisha kuitumia ni nyoka na nyimbo.

Tukirudi kwa mzee. Gari lilichelewa, nikamwonyesha ile video. Ni harusi ya Kalokol, kuna ngoma na kuruka mpaka vumbi linafunika kamera. Akaitazama mara mbili, akacheka, akatoa kabambe yake mfukoni akaiangalia, akairudisha. Kisha akaniuliza, nikitaka kumpigia mbuzi wake watano video kama hiyo, wapate mnunuzi Nairobi, nitamtoza ngapi.